Himila na Dhiki: Waliokuwa Tumboni Wakati wa Njaa

Kiswahili kina majina kadhaa ya kumwita mwanamke anayetarajia mtoto, nayo hayakosi kutaja uzito. Mja mzito ni mja, yaani kiumbe, aliyechukua kilicho kizito. Himila, neno ambalo lugha ya ushairi wa pwani imelihifadhi, ni mimba. Nalo limetokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliozaa kuhimili, yaani kustahamili, na hamali, mchukuzi wa mizigo bandarini. Mimba, ustahamilivu na uchukuzi ni ndugu wa nasaba moja. Lugha, basi, inajua kuwa mama ni mchukuzi. Ambalo lugha imelinyamazia ni kama mizigo miwili anayoichukua mama, ule wa tumbo na ule wa dunia, hukutana njiani. Na kama dhiki inayompata mama hufika hadi kwenye ubongo wa mtoto ambaye dunia yenyewe bado hajaiona.

Swali hilo ni la kale, na historia ya majibu yake ni historia ya mambo mawili yaliyokwenda sambamba. La kwanza ni elimu: nini hasa hutokea ndani ya tumbo la uzazi mama anapopatwa na hofu, njaa au msiba. La pili ni lawama: nani aulizwe mtoto anapozaliwa na upungufu. Kwa karne nyingi elimu ilikuwa haba na lawama ilikuwa tele, na mlaumiwa alikuwa mmoja tu.

Huko Ulaya, hadi karne ya 18, matabibu wengi waliamini kuwa fikira za mama huchora mwili wa mtoto. Mama akishtushwa na mnyama, mtoto huzaliwa na alama ya mnyama huyo. Akitamani tunda asilipate, tunda hilo huonekana katika ngozi ya mtoto. Imani ya namna hiyo si ya Ulaya peke yake. Hata katika pwani ya Afrika Mashariki wapo wazee wanaomwonya mja mzito asimcheke mwenye kilema, asije akazaa mfano wake. Mwaka 1726 imani hiyo iliifikisha Uingereza kwenye kichekesho kilichoishia katika aibu. Mary Toft, mwanamke maskini wa mji wa Godalming, alidai kuwa alishtushwa na sungura akiwa shambani, na tangu hapo akawa anazaa sungura. Madaktari walikwenda kumwona, na Nathaniel St André, mpasuaji wa nyumba ya mfalme George wa Kwanza, akamsadiki. Mwezi Desemba mwaka huohuo Mary alikiri kuwa ni udanganyifu, akatiwa gerezani kwa muda. Mwaka uliofuata, 1727, daktari James Blondel wa London alitoa kitabu kidogo akipinga kwamba fikira za mama zina uwezo wa kumuumbua mtoto, na mjadala mkali ukazuka baina yake na daktari Daniel Turner aliyeshikilia imani ya zamani.

Blondel alikuwa na haki. Hata hivyo ushindi wa hoja yake, kadiri miaka ilivyopita, uliipeleka tiba kwenye upande wa pili kupita kiasi. Ikiwa fikira za mama hazichori mwili wa mtoto, basi ilidhaniwa kuwa tumbo la uzazi ni ngome iliyofungwa, na kondo, yaani kile kiungo kinachomuunganisha mama na mtoto, ni mlango usiopitisha ila riziki. Dhana hiyo ilidumu hadi karne ya 20, ikabomolewa kwa mapigo mawili. Mwaka 1941 Norman Gregg, daktari wa macho wa Australia, aligundua kuwa watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho walikuwa na mama waliougua rubella wakiwa na mimba changa. Kisha, mwaka 1961, dawa ya thalidomide, ambayo wanawake walipewa kwa ajili ya kichefuchefu cha mimba, ikatambulikana kuwa ndiyo iliyowafanya maelfu ya watoto wazaliwe na mikono na miguu isiyokamilika. Ngome, kumbe, ilikuwa na milango.

Lakini ugonjwa ni kitu na dawa ni kitu. Dhiki ni kitu gani? Haina vijidudu, wala haipimwi kwa kijiko. Katika miaka ya 1930 na 1940, Lester Sontag, daktari wa mji wa Yellow Springs katika jimbo la Ohio, Marekani, alikuwa akifuatilia mapigo ya moyo na mitikisiko ya watoto walio tumboni. Aliona kuwa mama akipatwa na hofu au msiba wa ghafla, mtoto naye hubadilika: hujitupa kwa nguvu, na moyo wake huenda mbio. Mwaka 1944, dunia ikiwa vitani, Sontag aliandika juu ya vita na uhusiano wa mama na mtoto aliye tumboni. Hakujua kuwa mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, msiba ulikuwa unaanza ambao ungekuja kuwa kitabu kikubwa kuliko vyote vya somo hilo, kitabu ambacho kurasa zake zingali zinasomwa hadi leo.

Msiba huo ulitokea Uholanzi. Mwezi Septemba 1944 majeshi ya Washirika yalikuwa yamekwisha ingia kusini mwa nchi, na serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni iliwataka wafanyakazi wa reli wagome ili kuwakwamisha Wajerumani waliokuwa wakiikalia nchi. Reli zikasimama. Wajerumani walilipiza kisasi kwa kuzuia chakula kisipelekwe katika miji ya magharibi, ambako wanaishi watu wengi zaidi: Amsterdam, Rotterdam, The Hague, Leiden, Utrecht. Mwezi Novemba zuio lililegezwa, vyombo vikaruhusiwa kupita katika mifereji. Lakini baridi ilikuja mapema na kwa ukali, maji ya mifereji yakaganda, na mashua zikashikwa na barafu. Kipupwe cha huko si hiki cha pwani, ambacho mtu hujifunika shuka kikapita. Waholanzi wanakiita kipindi hicho Hongerwinter, yaani majira ya baridi ya njaa.

Mgao wa chakula wa mtu mzima, ambao mwishoni mwa Novemba ulikuwa umeshuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, uliendelea kushuka hadi kati ya kalori 400 na 800. Watu walikula viazisukari na vitunguu vya maua ya tulip. Makaa hayakuwapo, gesi wala umeme. Familia zilikata miti ya barabarani na kuvunja samani zao zipate moto wa kupikia. Wanawake walitoka mijini kwa miguu au kwa baiskeli zisizo na mipira, wakabadilisha shuka na vyombo vya fedha kwa gunia la viazi katika mashamba ya mbali. Watu wapatao 20,000 walikufa. Tarehe 29 Aprili 1945 ndege za Uingereza zilianza kuangusha chakula, na tarehe 5 Mei majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa nchini humo yalisalimu amri. Katika muda mfupi watu wakawa wanakula tena.

Ndani ya miezi hiyo walikuwamo wanawake wenye mimba. Wengine walikuwa karibu kujifungua njaa ilipoanza. Wengine walishika mimba katikati ya njaa, na waliposhiba tena mimba ilikuwa ya miezi mitatu au minne. Hapo ndipo ilipo siri ya kwa nini msiba huu, miongoni mwa misiba mingi ya njaa, umekuwa mwalimu wa wataalamu. Njaa nyingi huja polepole na kuondoka polepole, juu ya watu waliokuwa maskini kabla yake na wakabaki maskini baada yake. Njaa ya Uholanzi ilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, iliwapata watu waliokuwa wakila vizuri na waliorudi kula vizuri, na nchi iliendelea kuandika daftari zake za vizazi hata katika dhiki ile. Kwa tarehe ya kuzaliwa ya mtu peke yake iliwezekana kujua njaa ilimpata katika mwezi upi wa mimba.

Wa kwanza kulitumia jambo hilo kwa upana walikuwa Zena Stein na Mervyn Susser, mke na mume, madaktari wa Afrika Kusini waliowahi kutibu watu maskini katika kitongoji cha Alexandra, Johannesburg, kabla ya kuihama nchi yao iliyotawaliwa kwa ubaguzi. Walipokuwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, swali lililotanda lilikuwa hili: je, watoto wa maskini hushindwa masomoni kwa sababu akili zao zilidumazwa na njaa tangu tumboni? Ni swali lenye hatari, kwani anayejibu ndiyo kwa haraka huweza kuwapa wadhalimu hoja ya kusema kuwa maskini hafundishiki. Stein na Susser, pamoja na wenzao, walizitazama rekodi za vijana wa kiume wapatao 125,000 waliozaliwa katika miaka ile na kupimwa akili walipofika umri wa miaka 19 kwa ajili ya jeshi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, na kitabu kizima kikafuata mwaka 1975. Vijana waliokuwa tumboni wakati wa njaa hawakuwa na akili pungufu kuliko wenzao wa miji iliyokuwa na chakula.

Habari hiyo iliwastaajabisha wengi, nayo ni sehemu ya historia hii isiyofaa kurukwa. Ubongo wa mtoto ulikuwa umelindwa. Mwili wa mama, ukiwa wenyewe unakwisha, ulikuwa umetoa ulichonacho. Lakini kipimo cha jeshi kilipima uwezo wa kufikiri peke yake, na kwa umri mmoja tu. Kulikuwa na mambo ambayo yalihitaji miaka zaidi ndipo yajitokeze.

Mwaka 1992 Ezra Susser, mwana wa Mervyn na Zena, alirudi kwenye daftari zilezile akiwa na mwenzake Shang Lin. Walitazama waliolazwa kwa maradhi ya akili. Waligundua kuwa miongoni mwa waliotungwa mimba wakati njaa ilipokuwa kali mno, ugonjwa wa skizofrenia, ambao humfanya mtu asikie na kuamini yasiyokuwapo, ulikuwa takriban mara mbili ya kawaida. Miaka kadhaa baadaye jambo hilo lilithibitishwa mbali na Uholanzi. Katika jimbo la Anhui, China, njaa kuu ya 1959 hadi 1961 ilikuwa imeua halaiki. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kuwa hatari ya skizofrenia ilipanda kutoka asilimia 0.84 hadi asilimia 2.15 kwa waliozaliwa mwaka 1960. Nchi mbili, watu wawili wasiofanana kwa lolote, na alama moja.

Watoto wa Amsterdam nao waliendelea kufuatiliwa hadi utu uzima. Walipokaribia miaka 60, wale waliopatwa na njaa mwanzoni mwa mimba walionekana kuwa wazito kidogo katika vipimo vya kuelekeza makini. Walipofika miaka 68 hivi, picha za vichwa vyao zilionyesha kuwa wanaume wa kundi hilo walikuwa na ubongo mdogo kidogo kuliko wenzao. Kilichokuwa kimefichika kwa kijana wa miaka 19 kilikuwa kimeanza kudokeza kwa mzee.

Hata hivyo shaka moja ilibaki. Wanawake wa Amsterdam walikuwa na njaa, lakini pia walikuwa na baridi, hofu, waume waliopelekwa kazi za kulazimishwa Ujerumani, na watoto wengine waliolia usiku. Nini kilichomfikia mtoto: ukosefu wa mkate, au hofu? Ili kuzitenganisha nyuzi hizo, ilihitajika dhiki isiyokuwa na njaa.

Uzi wa kwanza ulipatikana Ufini. Nchi hiyo ilipigana na Umoja wa Kisovieti mwaka 1939 hadi 1940, na tena 1941 hadi 1944, ikabaki na mayatima wengi. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa maradhi ya akili, Matti Huttunen na Pekka Niskanen, walilinganisha makundi mawili ya mayatima waliokwisha kuwa watu wazima. Watu 167 walikuwa wamefiwa na baba kabla ya kuzaliwa. Watu 168 walifiwa na baba katika mwaka wao wa kwanza. Wote walikua bila baba. Wote walilelewa na mama mjane. Tofauti yao ilikuwa moja: habari ya msiba ilipofika mlangoni, hawa walikuwa tumboni mwa mama, na wale walikuwa mikononi mwake. Wagonjwa wa skizofrenia walikuwa wengi zaidi katika kundi la kwanza. Hapakuwa na njaa ya kusingiziwa. Kilichokuwapo ni barua na kilio.

Uzi wa pili ulitoka Kanada. Mwanzoni mwa Januari 1998, mvua iliyokuwa ikiganda kila ilipogusa kitu ilinyesha siku kadhaa mfululizo katika jimbo la Quebec. Barafu ilizilemea nyaya na nguzo za chuma, zikapinda na kuanguka. Watu zaidi ya 3,000,000 walibaki bila umeme katika baridi kali, baadhi yao kwa saa chache na wengine kwa wiki zaidi ya nne. Suzanne King, mtafiti wa Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, aliona kuwa maafa hayo yaliwapata wenye nyumba nzuri na wasio nazo bila ya kuchagua. Ilipofika Juni mwaka huohuo alikuwa amekwisha kuwaandikia wanawake waliokuwa na mimba wakati wa dhoruba. Aliwauliza mambo mawili na kuyaweka mbali mbali: yaliyowapata, kama vile siku walizokaa bila umeme na mara walizolazimika kuhama, na jinsi walivyojisikia, yaani kiasi cha hofu na fadhaa yao.

Watoto walipofika miaka miwili, wale ambao mama zao walipatwa na mashaka makubwa walikuwa nyuma kidogo katika vipimo vya akili, na walijua maneno machache zaidi. Walipofika miaka mitano na nusu, tofauti katika akili na lugha ilikuwa ingalipo. Haikuwa maradhi, wengi wao walikuwa ndani ya mipaka ya kawaida. Lakini lililo zito zaidi katika matokeo hayo ni hili: katika kipimo cha chembe za damu kilichotangazwa mwaka 2014, watoto hao wakiwa na miaka 13, alama zilizoonekana zilifuatana na yaliyompata mama, si na kiasi alichosema kuwa aliogopa. Mama aliyekaa kizani wiki tano akiwa mtulivu hakuweza, kwa utulivu wake, kuuzuia usiku ule wote. Na mama aliyefadhaika sana kwa siku moja ya kiza hakumwachia mtoto wake alama hiyo kwa sababu ya fadhaa yake.

Ili kufahamu njia inayopita dhiki, lazima kuutazama ubongo unavyojengwa. Wiki nne hivi baada ya mimba kutungwa, mrija ambao utakuwa ubongo na uti wa mgongo huwa umekwisha kufunga. Katika miezi ya kati chembe za ubongo huzaliwa kwa wingi usioelezeka na kusafiri hadi kwenye makao yake. Kisha huanza kushikana mikono, kazi ambayo huendelea miaka mingi baada ya kuzaliwa. Mama akipatwa na hatari, tezi zilizo juu ya figo zake humwaga homoni iitwayo kotisoli, ambayo huuamsha mwili upigane au ukimbie. Mtoto naye huihitaji homoni hiyo, hasa mwishoni mwa mimba, ili mapafu yake yakomae. Lakini nyingi mno ni hatari, na kwa ajili hiyo kondo lina bawabu wake: kimeng'enya kinachoivunja nguvu sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kabla haijamfikia mtoto. Dhiki ikiwa kubwa au ya muda mrefu, au mama akikosa lishe, bawabu huchoka. Kinachopita hugusa hasa sehemu za ubongo zinazopokea homoni hiyo kwa wingi, zikiwamo zile zinazosimamia hofu na kumbukumbu. Katika utafiti mmoja wa California uliotolewa mwaka 2012, wasichana wa miaka saba hivi ambao mama zao walikuwa na kotisoli nyingi mwanzoni mwa mimba walikuwa na kituo cha hofu kilicho kikubwa zaidi katika upande wa kulia wa ubongo.

Njia nyingine ni katika urithi wenyewe. Wasomaji wa pwani wanaojua hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu wataipata picha yake upesi. Herufi zikiwa tupu, neno moja huweza kusomwa kwa namna kadhaa. Ni irabu, zile alama ndogo za juu na chini, zinazoamua lisomwe vipi. Chembe za mwili nazo zina maandishi yasiyobadilika, na juu yake kuna alama ndogo za kikemikali zinazoamua lipi lisomwe na lipi linyamaziwe. Mwaka 2008 wataalamu wa Uholanzi waliwapima watu waliotungwa mimba wakati wa Hongerwinter na kuwalinganisha na ndugu zao wa jinsia moja ambao hawakupatwa na njaa tumboni. Miaka 60 ilikuwa imepita. Maandishi yalikuwa ya baba mmoja na mama mmoja, lakini irabu katika sehemu moja ya urithi inayohusu ukuaji zilikuwa zimepungua.

Alama za namna hii zimetafutwa pia karibu zaidi na pwani, katika nchi za Maziwa Makuu ambako Kiswahili kinasemwa. Uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2012 uliwatazama mama 25 wa mashariki ya Kongo na watoto wao wachanga. Kadiri mama alivyopatwa na maafa ya vita, ndivyo alama zilivyozidi kwa mtoto katika sehemu ya urithi inayoongoza jinsi mwili unavyoitikia kotisoli, na ndivyo uzito wa mtoto ulivyopungua. Mwingine, wa mwaka 2014, uliwahusu wanawake 25 wa Rwanda waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na wenzao 25 waliokuwa wajawazito wakati huohuo lakini hawakuyapitia mauaji hayo. Kwa mama na kwa watoto wao, waliokwisha kuwa vijana, alama zilionekana katika sehemu hiyohiyo. Idadi ni ndogo, na hakuna mtaalamu makini anayejengea nyumba nzima juu ya watu 25. Lakini hakuna anayeweza kuzisoma kurasa hizo akasema kuwa vita huisha siku ya kutiwa saini mapatano.

Hapa ndipo elimu hii inapoweza kugeuka kuwa dhuluma isiposhikwa kwa uangalifu. Mja mzito akiambiwa kuwa dhiki yake humdhuru mtoto, ameongezewa dhiki nyingine: sasa anaogopa kuogopa. Mary Toft amerudi kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo mambo mawili hayana budi kusemwa kwa sauti ileile inayosema hatari.

La kwanza, hatari si hukumu. Skizofrenia humpata takriban mtu mmoja katika kila 100. Ikiwa mara mbili, humpata wawili, na 98 wamesalimika. Wengi wa watoto wa Amsterdam waliishi, wakaoa na kuolewa, wakafanya kazi, wakazeeka. Na mashaka ya kawaida ya kila siku si kama njaa wala vita: Janet DiPietro na wenzake wa Baltimore walieleza mwaka 2006 kuwa miongoni mwa wanawake wenye afya, fadhaa ya kadiri wakati wa mimba ilifuatana na watoto waliokuwa mbele kidogo, si nyuma, walipofika miaka miwili. Tena irabu huweza kuandikwa upya. Katika Montreal hiyohiyo ya dhoruba, Michael Meaney na wenzake walionyesha mwaka 2004 kuwa panya wachanga wanaolambwa sana na mama yao hubadilika alama katika ile sehemu ya urithi inayoitikia dhiki, nao hukua wakiwa watulivu.

La pili ni lile lililofundishwa na barafu ya Quebec: kinachoacha alama ni kilichompata mama, na aghalabu kilichompata si kazi ya mikono yake. Hakuna mwanamke wa Amsterdam aliyezuia chakula kisifike Amsterdam. Hakuna mjane wa Ufini aliyeanzisha vita. Kutoka karne ya 18 hadi leo swali limehama; zamani liliulizwa mama aliwaza nini, na sasa inafaa liulizwe nani alimtwisha, na nani alikuwa karibu asimtue.

Kwamba kutua kunawezekana, ushahidi wake upo. Mwezi Januari 2011 mafuriko makubwa yalilikumba jimbo la Queensland, Australia. Baadhi ya wajawazito wa mji wa Brisbane walikuwa wakihudumiwa na mkunga mmoja wanayemjua na anayewajua, tangu mimba hadi baada ya kujifungua. Wengine walipokewa na yeyote aliyekuwa zamu. Maji yaliwapata wote. Lakini matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa kwa wale waliokuwa na mkunga wao, dhiki ya mafuriko haikuendelea kuwatafuna baada ya uzazi kama ilivyowatafuna wenzao. Mkunga hakuyazuia mafuriko. Alikuwapo tu, kila mara, na kwa jina lake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka afya ya akili ya mama iangaliwe ndani ya huduma za kawaida za uzazi, hapohapo anapopimwa uzito na damu.

Wahenga wa Kiswahili walitangulia kusema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Methali hiyo huchukuliwa kuwa ni onyo la adabu kwa mwenye kuhitaji msaada wa wenzake. Baada ya Amsterdam, Montreal na Brisbane yaweza kusomwa kuwa ni kauli juu ya ubongo wa mtoto pia. Na ile nyingine, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nayo imepata maana ya ziada. Kwani imebainika kuwa ulimwengu haungoji mtoto atoke. Huanza kumfunza akingali tumboni, na humfunza kwa kupitia mwili wa mama. Ikiwa somo ni njaa, hulipokea. Ikiwa ni kilio, hulipokea. Na ikiwa ni nyumba yenye chakula, mume asiyenyanyua mkono, jirani anayebisha hodi na mkunga anayerudi kesho, hilo nalo hulipokea. Hamali hulaumiwa akiangusha mzigo njiani. Ni nadra kuulizwa nani aliyemrundikia mgongoni zaidi ya uwezo wa mtu mmoja.